Utazoea

Vikombe sita vilikuwa vimepangwa juu ya meza ya chumba cha kuonjea, na cha nne kutoka kushoto kilikuwa na kasoro ambayo hata mtu asiyejua chai angeiona. Majani yake, yalipogeuzwa juu ya kifuniko, yalikuwa na ukijani uliochanganyika na kahawia iliyofifia, wakati ya vikombe vingine yaling'aa kama sarafu mpya ya shaba. Muonjaji wetu alivuta funda moja kwa kelele, kama wafanyavyo waonjaji wote, akatema kwenye ndoo na kuandika neno moja katika kitabu chake: mbichi.

Ilikuwa Juni. Kipupwe kilikuwa kimeingia na ukungu wa Rungwe ulikuwa umelala juu ya mabati ya kiwanda tangu alfajiri. Mzigo ule ulitoka zamu ya usiku, na zamu ya usiku ilikuwa yangu, kwa hiyo nilimwita binti aliyekuwa sehemu ya kuchachusha, mfanyakazi wa miezi mitatu, nikamuuliza aliamuaje kwamba chai imefika.

"Dakika themanini, dada," alijibu.

Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kuhesabu dakika. Hakuonyesha jeuri wala woga. Alinitazama kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo walilokubaliana.

"Uliniambia nitazoea. Nimezoea."

## Usiku wa Machi

Ni kweli nilimwambia.

Ulikuwa msimu wa majani mengi, ule ambao malori husubiri getini hadi usiku wa manane, na yeye alikuwa katika usiku wake wa tatu kazini. Presha ya boila ilikuwa imeshuka kwa sababu kuni za mkaratusi zilizoletwa siku hiyo zilikuwa bado na maji, na mvuke ukipungua mashine ya kukaushia hupoa, na ikipoa kila kitu kilicho nyuma yake hukwama. Nilikuwa napita mbio kuelekea huko aliponiuliza, "Dada, nitajuaje kwamba imefika?" Nilimwonyesha kwa kidole mzee wetu wa kuchachusha, nikasema, "Kaa na mzee hapo, utazoea." Sikupunguza hata mwendo.

Mzee huyo tunamwita Mzee Pua, na jina hilo halimkeri. Toroli la majani yaliyokwisha kukatwa na rola likifika kwake, huliacha litulie, kisha baada ya muda huchota konzi moja, huifumba, huipeleka puani na kutamka moja kati ya maneno mawili: "bado" au "peleka". Katika muda huo, ambao unaweza kuwa saa moja au kukaribia saa mbili, majani hutoka kwenye ukijani na kuingia kwenye rangi ya shaba, na harufu ya nyasi zilizofyekwa huondoka polepole ikiiachia nafasi harufu inayokaribia ya tunda bivu. Sisi tunasema chai inachachuka, ingawa wataalamu hutusahihisha kila wanapokuja kwamba hakuna hamira humo, ni hewa tu inayokutana na vimeng'enya vya jani lililopasuliwa. Vimeng'enya hupenda joto. Kiwanda chetu ni cha zamani na chumba kile hakina mtambo wa kudhibiti hewa, hivyo chumba cha Machi na chumba cha Juni ni vyumba viwili tofauti, japo kuta ni zilezile.

Binti alikaa na Mzee Pua usiku kumi na mmoja kabla hatujamwacha peke yake. Alikuwa na daftari dogo, na baada ya tukio la vikombe aliniruhusu kulisoma. Kila toroli lilikuwa na mstari wake: saa lilipoingia, saa mzee aliposema "peleka", na tofauti kati ya saa hizo mbili. Mwisho wa ukurasa wa sita alikuwa amejumlisha na kugawanya. Wastani ulikuwa dakika themanini na kidogo.

Nililisoma daftari lile mara mbili, na lilinikosesha usingizi wa mchana kwa siku kadhaa.

Nilichotarajia kukuta ni uzembe. Nilikuta mtu aliyejifunza kwa bidii kila kitu kilichokuwa kinaonekana kutoka pale alipoketishwa, na kilichoonekana ni mzee asiyesema na saa ya ukutani.

## Kuzoea na kufundwa

Kwa wiki kadhaa baadaye nilikuwa nalisikia neno lile kila mahali. Mpokeaji mpya kwenye mizani ya majani aliambiwa atazoea. Kijana wa boila aliambiwa joto atalizoea. Nilipopanda daladala kwenda Mbeya mjini, konda mzoefu alikuwa anamwambia konda mgeni aliyesahau chenji ya abiria kwamba asijali, atazoea. Nadhani ndiyo njia kuu ya kufundishia kazi katika sehemu nyingi nilizowahi kufika.

Lugha yetu yenyewe inaijua tofauti. Fundi, kufunda, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi ni ndugu wa shina moja. Fundi, kwa asili ya neno, ni mtu anayehusiana na kufundwa, na kufundwa kunamhitaji mwingine aliyekaa chini akaamua kusema. Kuzoea hakumhitaji mtu. Unaweza kuzoea moshi, kuzoea njaa, kuzoea kuruka juu ya mkanda unaokwenda badala ya kuzunguka hadi kwenye kidaraja. Nimewaona watu wakijeruhiwa na kitu walichokizoea, lakini hao si mada ya leo.

Hata hivyo nilijikuta nabishana na nafsi yangu, kwa sababu mimi mwenyewe nilizoea. Nilipoanza kazi, miaka kumi na mitano iliyopita, nilikabidhiwa ovaroli iliyonizidi na kuambiwa nimfuate mama mmoja wa kuchambua madaraja ya chai. Hakunieleza lolote. Nilipokosea alisonya, nilipopatia alinyamaza, na baada ya miezi kadhaa ya kusonywa nilikuwa naweza kutofautisha punje ndogo za daraja la PF1 na zile kubwa zaidi za BP1 kwa kuzipitisha kati ya vidole huku nikiongea na mtu mwingine. Kama njia hiyo ni mbovu, basi mimi ni nani?

Jibu lilinijia nikiwa naosha vyombo, na halikunifurahisha. Tulioanza mwaka ule sehemu ile tulikuwa saba, na tuliofika mwisho wa kipindi cha majaribio tulikuwa wawili. Kwa miaka yote nilikuwa nasema wale watano hawakuwa na moyo wa kazi.

## Karatasi niliyotakiwa kusaini

Ofisi ya utumishi iliniletea fomu ya tathmini yake wiki hiyohiyo. Sehemu ya maoni ya msimamizi ilikuwa na nafasi ya mistari mitatu, na aliyeileta alinidokeza kwamba inatosha kuandika "uwezo mdogo" ili asithibitishwe kazini.

Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zinazofuatana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinamtaka mwajiri anayelalamikia utendaji duni aonyeshe kwanza kwamba alimpa mfanyakazi maelekezo na mafunzo yaliyofaa. Niliufahamu utaratibu huo kwa miaka mingi kama kitu cha kuwakumbusha wengine. Safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nilipojaribu kukumbuka maelekezo niliyompa, nilipata sentensi moja yenye kitenzi kimoja.

Niliirudisha fomu ikiwa tupu nikaomba wiki sita. Bosi alikubali kwa shingo upande, akaongeza kwamba kampuni tayari inalipa tozo ya ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara, na haoni kwa nini ilipe mafunzo mara mbili. Sikumjibu, ingawa nilikuwa na la kusema: hakuna chuo kinachoweza kumfundisha mtu pua ya chumba chetu.

## Hatua nne, na kosa langu la kwanza

Nilianza kwa kusoma. Mwaka 1917, Marekani ilipohitaji meli nyingi kwa ajili ya vita kwa haraka kuliko mafundi iliokuwa nao, mtu aitwaye Charles R. Allen alipewa jukumu la kupanga namna ya kuwafundisha wafanyakazi ndani ya karakana zenyewe, na akaigawa kazi ya kufundisha katika hatua nne. Vita ya pili ilipokaribia, mwaka 1940, serikali yao ilianzisha mpango mpana zaidi wa mafunzo viwandani, ukazichukua hatua zile na kuzinoa: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache aijaribu, kisha mfuatilie. Mpango ulifungwa 1945, lakini baada ya vita Wamarekani waliupeleka Japani, na Toyota wakaushika katika miaka ya 1950 kwa uaminifu kuliko wenyewe walioubuni.

Nilipozisoma mara ya kwanza nilikaribia kucheka. Kumwandaa, kumwonyesha, kumwacha ajaribu, kumfuatilia: ni nani asiyejua hayo? Kisha nikajipima nazo. Hatua ya kwanza sikuifanya. Ya pili nilimkabidhi mzee asiyependa kusema. Ya tatu aliifanya siku tuliyomwacha peke yake, na mzigo mzima wa chai ukiwa ndiyo karatasi ya mtihani. Ya nne ilifanywa na muonjaji, miezi mitatu baadaye. Waanzilishi wa mpango ule walikuwa na msemo ambao sasa nausikia hata nikiwa usingizini: kama mfanyakazi hajajifunza, mwalimu hajafundisha.

Basi nikatengeneza karatasi. Upande wa kushoto niliandika hatua za kazi, katikati mambo ya kuzingatia katika kila hatua, na kulia sababu zake. Niliipiga chapa, nikaifunika kwa plastiki na kuibandika ukutani karibu na matoroli. Nilijisifu moyoni.

Kijana mwingine aliyeletwa sehemu ile siku hizo aliisoma yote kwa siku moja na akaweza kuikariri. Usiku uliofuata nilimkuta amesimama mbele yake, konzi ya chai mkononi, akisoma mstari usemao harufu ya nyasi iwe imeondoka. Alikuwa anasoma. Mkono wenye chai ulikuwa umening'inia kiunoni, mbali kabisa na pua.

Mzee Pua alikuja akasimama pembeni yangu. "Mwanangu," aliniambia, "ukimjaza maneno, pua yake italala."

Niliudhika, kwa kuwa nilidhani anatetea ukimya wake. Ilinichukua siku nyingine mbili, na kurudia kusoma, kugundua kwamba katika mpango ule wa Marekani karatasi kama ile haikukusudiwa kubandikwa popote. Ilikuwa ya mwalimu. Aliiandaa ili asiruke jambo wala asiseme mengi kwa mpigo mmoja, akaiweka mfukoni, na mwanafunzi aliona mikono tu na kusikia maneno machache yaliyopangwa. Niliibandua usiku huohuo. Gundi iliondoka na rangi ya ukuta, na doa lipo hadi leo.

## Mzee alikuwa anakwenda wapi

Kulikuwa na tatizo kubwa kuliko ukuta. Nilichoandika kwenye karatasi ile kilikuwa changu, si cha Mzee Pua. Nilikuwa nimeandika nilichodhani anakifanya.

Nilimwomba anieleze. Alicheka, akasema, "Inafika, unaijua." Nilimuuliza tena kwa namna tatu tofauti, na jibu lilikuwa lilelile. Kwa muda nilisadiki yale yanayosemwa mara nyingi kuhusu mafundi wakongwe, kwamba wanaficha ujuzi ili wasipoteze nafasi. Sisadiki tena. Mtu aliyefanya jambo kwa zaidi ya miaka thelathini anakuwa ameshasahau kwamba lilikuwa na sehemu.

Nikaacha kumuuliza nikaanza kumfuata. Kwa usiku tano niliacha karibu kila kitu kingine, nikafika saa moja kabla ya zamu kama yeye, nikaandika kila alipokwenda na kila alichogusa.

Usiku wa pili niliona kitu ambacho nilikuwa nimekiona kwa miaka na sikukiona. Kabla ya kuingia sehemu yake, Mzee Pua hupanda ghorofani kwenye vihori vya kunyaushia, ambako majani mabichi hulala kwa saa nyingi yakipulizwa hewa ili yapunguze maji. Sote tulijua anapanda huko. Tulidhani anakwenda kuwasalimia wazee wenzake, na ni kweli anawasalimia, kwa Kinyakyusa na kwa kirefu. Ila huku akisalimia, mkono wake unachota majani kutoka kihori kimoja hadi kingine, unayafinyanga yawe donge, unaliachia, na anatazama donge linavyofunguka. Likifunguka upesi, majani bado yana maji mengi. Likikaa, yamenyauka sawasawa.

Nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida, vihori vile vinahusianaje na kuchachusha.

"Si ndiyo chai yenyewe nitakayoletewa?" alijibu. "Yenye maji huwa inanidanganya. Inanukia tayari kumbe bado."

Hapo nilikaa kwenye ngazi.

Nusu ya kazi yake ilikuwa inafanyika ghorofani, kabla ya zamu, mahali ambapo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuambiwa afike. Tulikuwa tumemketisha binti mbele ya mzee na kumwambia aangalie, na mzee alipofika mbele yake alikuwa ameshaamua mengi. Angeweza kukaa naye miaka miwili bila kuyaona.

Baada ya hapo maswali yangu yalipata majibu, kwa sababu niliuliza juu ya vitu: kwa nini umeifumba konzi kwa muda kabla ya kunusa? Ili mkono uipashe joto, usiku wa baridi harufu haitoki yenyewe. Kwa nini toroli la mwisho hukulinusa mara moja? Lilikaa karibu na mlango, pale kuna upepo. Karatasi ya pili ilikuwa na mistari tisa, na saba kati yake haikuwemo kwenye ya kwanza.

## Mafundi cherehani wa Monrovia

Kuna jambo jingine ambalo huenda ningelipita kama nisingekutana na habari za Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, mji mkuu wa Liberia, akitazama wanagenzi wao wanavyojifunza. Nguo hutengenezwa kwa kukata, kisha kushona, kisha kumalizia. Wanagenzi wale walifundishwa kinyume: walianza na vifungo, pindo na pasi, wakaingia kwenye kushona, na mkasi uliwajia mwisho. Mwanagenzi akikosea pindo, pindo linafumuliwa. Akikosea kukata, kitambaa cha mteja kimekwisha. Na aliyekwisha kupiga pasi mashati mengi anajua shati lililokamilika likoje kabla hajaliwazia mkasi.

Sisi huwapanga wageni palipo na pengo.

Niliomba ruhusa ya kumrudisha binti nyuma, au mbele, kutegemea unavyohesabu: wiki moja kwenye chumba cha kuonjea. Wenzake walidhani ameadhibiwa, na yeye pia alidhani hivyo hadi siku ya pili. Kila asubuhi alionja mizigo ya usiku uliotangulia, mizuri na mibaya, na muonjaji alimtaka aseme kwanza kabla ya kumwambia. Alijua kwa mara ya kwanza "mbichi" ni ladha gani, ukali ule unaokwaruza ufizi na kukosa uzito mdomoni. Wiki ya pili alikwenda kwenye vihori. Ya tatu ndipo aliporudi kwenye matoroli, na saa ya ukutani nilikuwa nimeiondoa.

Alifanya kwanza bila kusema, Mzee Pua akimrekebisha palepale. Akafanya tena akitaja kila jambo la kuzingatia. Akafanya tena akitoa sababu. Hili la kutoa sababu nililiona la kitoto hadi nilipogundua kwamba mzee anasikiliza kwa makini kuliko mimi. Nadhani alikuwa anasikia kazi yake ikielezwa kwa mara ya kwanza.

Sitaki kudai kwamba njia hii inafaa kila mahali. Kwenye rola, ambako meno ya chuma yanazunguka kuelekeana, hakuna kosa la bei nafuu, kwa hiyo huko mgeni hujifunza kuzima mashine kwa siku nzima kabla ya kujifunza kuiwasha. Kwenye boila sitarajii kumwacha mtu ajaribu aone. Na muda ni kikwazo cha kweli: wiki sita zile zilimgharimu mwajiri mshahara wa mtu asiyezalisha, na sikupata hesabu ya kumridhisha bosi zaidi ya kumwonyesha kikombe cha nne.

## Agosti

Juma lililopita, usiku wa baridi kali, nilizikuta sauti mbili kwenye matoroli. Binti alikuwa anasema "peleka". Mzee Pua alikuwa anasema "bado".

Mtu angetarajia niamue. Niliagiza mzigo ugawanywe, nusu iende kukaushwa wakati huo na nusu ibaki hadi mzee aridhike, jambo ambalo lilichukua dakika kumi na mbili zaidi. Asubuhi tulisimama wote watatu mbele ya vikombe viwili visivyo na alama. Muonjaji alivuta, akatema, akavuta cha pili, akarudia cha kwanza. Alikisogeza mbele kikombe cha binti.

Mzee Pua aliomba kijiko. Alionja vyote viwili, akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akamgeukia.

"Jana ulipita kwenye vihori?"

"Nilipita, mzee. Yalikuwa yamenyauka sana, donge halikufunguka kabisa."

"Mimi sikupita," alisema, akijisugua goti. "Zile ngazi."